Dündar Yuko Safarini

Mtandao nyumbani kwa shangazi yangu Idodi unakaa chini ya mwembe. Ndani ya nyumba unakuja na kuondoka, jikoni haupo kabisa, lakini pale kona ya uwanja, ukielekeza simu upande wa barabara, unatulia. Ndipo binti yake alipoweka kiti cha plastiki saa moja na nusu usiku, Jumatano ya kwanza ya Oktoba 2023. Bando alikuwa amelinunua tangu mchana. Simu aliizima saa tisa alasiri ili chaji isimwangushe. Shangazi akatoka na kanga mabegani, akavuta kigoda, akakaa. "Haya mama, fungua," akamwambia bintiye, kwa sauti ya mtu ambaye naye amekuwa akihesabu siku.

Saa mbili kamili ulikuwa unaanza msimu wa 5 wa Kuruluş: Osman, tamthiliya ya Kituruki inayomsimulia Osman, mtu ambaye jina lake lilibebwa na dola ya Waosmani kwa zaidi ya miaka 600. Saa mbili ya Istanbul ndiyo saa mbili ya Idodi. Uturuki iliacha kurudisha saa zake nyuma mwaka 2016 ikabaki kwenye saa zile zile za Afrika Mashariki, kwa hiyo hapakuwa na hesabu ya kupiga. Osman angepanda farasi Anatolia wakati ule ule ambapo Idodi inanawa mikono kwa ugali wa usiku.

Mimi nilikuwa nimeshuka kutoka Iringa mjini kwa jambo la mpaka wa shamba. Nilikuwa nimechoka na vumbi la basi la Mwangata, nilitaka kulala. Lakini mdogo wangu huyu, ambaye siku nyingine ni mkimya hata kumuuliza habari za masomo ni kazi, alikuwa amewaka. Alinionyesha daftari. Kurasa nane za mbele zilikuwa ukoo mzima wa Kayı, kabila la Osman, nani kamzaa nani, nani kaolewa wapi. Kurasa zilizofuata zilikuwa na orodha ya waliokufa, na mbele ya kila jina aina ya kifo. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na maswali matatu aliyoyaandika Juni, usiku msimu wa 4 ulipofungwa, na chini ya kila swali kaacha mistari mitupu ya kujaza majibu.

"Kaka, usiniongeleshe mpaka matangazo ya biashara," akaniambia. Nikakaa chini.

Huyu binti alikuwa anasoma katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, mjini Iringa. Wakati ule alikuwa anamaliza likizo ndefu kuelekea mwaka wa tatu, akisomea ualimu wa historia. Nyumbani kwao ni huku bondeni, ambako ukishuka kutoka baridi ya Iringa unakutana na mibuyu na joto, kisha mifereji ya maji na majaruba ya mpunga. Wageni wengi huipita Idodi madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya vumbi, wakikimbilia tembo wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wengine walilisikia jina hili mara moja tu, Agosti 2009, moto ulipoteketeza bweni la wasichana la shule ya sekondari na kuchukua maisha ya wanafunzi 12. Ilielezwa kwamba ulianzia kwenye mshumaa wa mtu aliyekuwa anajisomea. Shangazi hajawahi kupenda mshumaa ndani ya nyumba tangu mwaka ule. Umeme ulipofika kwake, taa ya kwanza aliiweka pale bintiye alipokuwa anasomea, na mpaka leo chumba kile kina taa kubwa kuliko sebule.

Neno lenyewe, msimu, lina uzito wake Idodi. Ukisema msimu umeanza, mtu atatazama mawingu. Msimu ni mvua za Desemba hadi Aprili, ni kitalu cha miche, kupandikiza, kuamia ndege, kisha mavuno ya Mei na Juni. Vyuoni wanasema sizoni, na kwa mwanafunzi wa Kitanzania sizoni ni tamthiliya yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, iwe ya Kikorea, ya Kifilipino au ya Kituruki. Bumu, fedha ya mkopo wa chuo, likitoka, wako wanaopita kwanza laibrari ya muvi kujaza flashi kabla hawajapita dukani kununua unga. Binti wa shangazi anayatumia maneno yote mawili, na usiku ule chini ya mwembe alinifundisha jambo ambalo sikuwahi kuliwaza.

Tamthiliya za Uturuki huanza vuli yao, Septemba au Oktoba, na hufungwa Mei au Juni kunapoanza joto, kwa sababu watu wa kule kiangazi hawakai ndani. Msimu wa Osman ulikuwa unafunguliwa wakati watu wa Idodi wanasafisha mifereji, ukipanda na miche, ukielekea ukingoni mpunga ukiwa njano. Julai, magunia yakishaingia stoo, Osman naye alikuwa kapumzika. Ndiyo maana shangazi, aliyeishia darasa la saba, hakuhitaji kufafanuliwa kwa nini hadithi inasimama miezi mitatu. "Na wao wanavuna," alisema. Kwake ilikuwa kawaida kabisa kwamba jambo jema lina kipindi chake na kipindi cha kulingoja.

Saa mbili ikafika. Picha ikagoma, ikazunguka, ikaja. Wana wa Osman, Orhan na Alaeddin, ambao msimu uliopita waliachwa wadogo, wakatokea vijana wenye panga. Shangazi akapiga kofi pajani. "Watoto wa watu wanakua!" Bintiye hakusema kitu, ila niliona mkono wake umeziba mdomo.

Walikuwa wakitazama kwa Kituruki kitupu. Tafsiri huja baadaye, na yeye hakuwa na subira hiyo. Basi akawa anamtafsiria mama yake kwa kukisia, akitumia daftari na sura za watu, na alipokuwa akifanya hivyo nilikumbuka vibanda umiza. Kabla ya ving'amuzi na simu hizi, vijana wa miji yetu walikaa kwenye mabenchi wakitazama filamu za kigeni zilizoingizwa sauti ya mtu mmoja tu, msimuliaji, anayetafsiri, anayeongeza chumvi, anayemsema mhusika kwa ujinga wake. Aliyetamba kuliko wote alikuwa Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, na sauti yake iliwafanya watu wanunue kanda ya filamu waliyokwisha kuiona. Msichana huyu hakumsikia Lufufu. Lakini pale kwenye kiti cha plastiki alikuwa anafanya kazi ile ile: "Huyu anamwambia usiende... hapana, anamwambia nenda lakini usirudi peke yako."

Mara mzee mmoja kwenye simu akanyoosha kidole na kupaza sauti: "Hain!"

"Haini," akasema shangazi. Hakutafsiriwa na mtu.

Ni neno lile lile. Kituruki na Kiswahili vyote vilikunywa kwenye kisima cha Kiarabu, na maji yakabaki. Daftari la binti lina ukurasa wake wa maneno hayo: kitap na kitabu, saat na saa, vakit na wakati, haber na habari, dünya na dunia, asker na askari, kahve na kahawa, sabır na subira. Kayapata mwenyewe kwa sikio, moja moja, misimu minne. Anapoyasoma hufurahi kama mtu aliyekuta ndugu ugenini.

Halafu akanieleza jambo la pili, na hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba mapenzi yake kwa tamthiliya hii yana elimu ndani yake. Kituruki hakitofautishi yeye mwanamume na yeye mwanamke. Neno ni moja, o. Kiswahili nacho tunasema "amekuja", na asiyemjua mtu hawezi kujua kama ni baba au mama. Sasa chukua tukio ambamo jasusi anasema: yumo ndani ya hema letu, na kesho atamtia Osman sumu. Kituruki kinaificha siri hiyo. Kiswahili kinaificha vilevile. Kiingereza kinalazimika kuchagua, na kikichagua siri imevuja nusu. Ameona hivyo mara nyingi, akilinganisha maandishi ya Kiingereza na sauti za Kiswahili. "Sisi tunaisikia hadithi kama walivyoitunga," alisema. Lugha hizi mbili pia hujenga neno kwa kuunga vipande, sisi mbele na wao nyuma: ninakuja kwao ni geliyorum, gel ndiyo kuja, um ndiyo mimi. Sentensi nzima, neno moja.

Ninaposema sauti za Kiswahili nina maana ya kazi ambayo nadhani haijasifiwa inavyostahili. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, wakati Zanzibar ilikuwa nacho tangu miaka ya sabini. Tulipopata, tulitazama sana vipindi vya wengine kwa lugha zao. Mwaka 2011 TBC ikarusha tamthiliya ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili, na watu wakaipenda kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Mke kijana, mama mkwe mkali, mume aliyebanwa katikati. Hakuna kaya ya Nyanda za Juu Kusini isiyomjua mama mkwe huyo. Kisha Azam TV ikaleta Sultan, ile ya Suleiman na Hürrem, ambayo kwao Uturuki ilirushwa kati ya 2011 na 2014 kwa sehemu 139. Baada yake akaja Ertuğrul, baba yake Osman, sehemu 150, misimu 5.

Hapo ndipo shangazi alipoingia. Sultan aliifuata nyumbani kwa jirani, maana kwake king'amuzi kilikuwa bado. Alikuwa anatoka jarubani, anaoga, anachukua kigoda chake mwenyewe. Wanawake kumi na zaidi, sebule moja, wakimsikia Hürrem akizungumza Kiswahili safi, akilia kwa Kiswahili, akipanga hila kwa Kiswahili. Anayefanya kazi ya kuingiza sauti lazima atafute sentensi inayotosha mdomo wa mtu mwingine: midomo ikifumba na neno lifumbe, Mturuki akivuta pumzi na wewe uvute. Lazima aamue Valide Sultan, mama wa mfalme, amwite mkwewe kwa neno gani ili mama wa Idodi ahisi uzito wa dharau ile. Watafsiri wetu waliliweza. Majina yao yalistahili kusomwa kwa sauti mwisho wa kila sehemu, na mimi ningependa kuyasikia.

Niseme pia kwamba kungoja kipindi Idodi hakukuanza na televisheni. Shangazi alikuwa msichana mwaka 1993 Radio Tanzania ilipoanza mchezo wa Twende na Wakati, na bado anamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na Tunu, mke wake aliyevumilia mpaka akachoka kuvumilia. Madereva wa namna ya Mkwaju walikuwa wanapita Iringa na Mbeya kila siku kuelekea Zambia. Kila mtu alikuwa na Mkwaju wake wa kumtaja. Redio ilikuwa moja, ya babu, na babu aliiwasha kwa ajili ya taarifa ya habari tu, isipokuwa jioni za mchezo. Ukoo wetu umekuwa ukisogeza vigoda kwa miaka thelathini.

Jambo lililonigusa zaidi usiku ule lilikuwa dogo. Shangazi, kwa Kiswahili, alikuwa bado anamfuata Ertuğrul kwenye marudio. Bintiye alikuwa mbele yake kizazi kizima. Kwa Ertuğrul yuko mdogo wake wa mwisho, Dündar, kijana mwenye haraka na moyo mwepesi, na shangazi anampenda Dündar kuliko wote kwa sababu anamkumbusha mdogo wake mwenyewe, baba yangu mdogo, aliyekwenda Mbarali kulima mpunga akakaa miaka bila kuandika. Matangazo ya biashara yalipoingia, akauliza: "Na Dündar yuko wapi? Atakuwa mzee sasa. Mbona simwoni?"

Dündar alikuwa amekufa tangu msimu wa 2. Aliuawa na Osman, mtoto wa kaka yake, kwa kosa la uhaini. Liko kwenye daftari, ukurasa wa waliokufa, mstari umepigwa chini mara mbili.

"Amesafiri, mama," binti akajibu. Akafunga daftari, akalikalia.

Ijumaa alfajiri tulipanda basi pamoja kurudi mjini. Alikuwa na mambo ya chumba chuoni. Barabara ile inapita karibu na Mlambalasi, kisha Kalenga, na kwa mtu anayesoma historia katika chuo chenye jina la Mkwawa hayo si majina ya vituo. Mlambalasi ndiko Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikojipiga risasi Julai 19, 1898, Wajerumani wakiwa wamemkaribia, baada ya kuwahangaisha msituni miaka minne. Kalenga ilikuwa ngome yake. Jina lenyewe la Iringa linatokana na lilinga, neno la Kihehe la ngome. Nilimuuliza, bila nia ya kumkosoa, kwa nini ukoo wa Kayı ameujaza kurasa nane.

Akageuza daftari upande wa nyuma. Lilikuwa limeandikwa kutokea huko pia.

Alikuwa ameigawa habari ya Mkwawa kwa misimu. Wa kwanza unaanza 1879, kifo cha baba yake, Munyigumba, na ugomvi wa kurithi kiti, unakwenda polepole, harusi, mashauri, jeshi linavyojengwa, na unafungwa Lugalo, Agosti 17, 1891, Zelewski, kamanda wa Wajerumani, akiwa amelala chini na kikosi chake kimevunjwa. "Hapo naizima," alisema. "Watu wakae miezi mitatu wakiwa wameshinda." Msimu wa pili unaishia Oktoba 30, 1894, Kalenga ikianguka mbele ya Tom von Prince wa jeshi la Wajerumani. Wa tatu ni msitu peke yake, njaa, watu wanaoleta chakula usiku, na tangazo la rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Nilidhani amemaliza. Lakini alikuwa na wa nne, usio na Mkwawa: kichwa kinachosafiri, ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles wa 1919 inayodai kirudishwe, makumbusho ya Bremen, mpaka siku Gavana Twining aliposimama Kalenga, Juni 19, 1954, na kukikabidhi.

"Na haini wako ni nani?" nikamuuliza.

Alinyamaza mpaka tukapita kibao cha Mlambalasi. Haini wake angekuwa Mpangile, ndugu yake Mkwawa, aliyekubali kusimikwa na Wajerumani Desemba 1896. Ila Wajerumani hao hao walimnyonga Februari 1897, miezi miwili tu baadaye, wakimshuku kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri. "Sasa alikuwa haini wa nani, kaka? Huyu ndiye anayeninyima usingizi. Osman amenifundisha kumtafuta haini, halafu nimefika kwetu nimemkuta Mpangile, na sijui nimwekee mstari chini au nisimwekee."

Nimeandika katika magazeti miaka mingi na sijawahi kuulizwa swali zuri namna hiyo ndani ya basi. Mugyabuso Mulokozi alikwisha kutuonyesha kwamba habari hii inaweza jukwaa, alipotoa tamthiliya ya Mukwava wa Uhehe mwaka 1979. Leah Mwendamseke, yule tunayemwita Lamata, ametuonyesha kwa Jua Kali kwamba Watanzania watafuata hadithi ya Kitanzania msimu hadi msimu, na hosteli za Iringa zinaifuata. Waigizaji tunao, ngome tunayo, hata mabonde ya kupigia picha tunayapita kila siku tukiwa tumefunga madirisha. Ningetamani sana mwenye fedha mmoja apande basi la Idodi, akae siti ya jirani na msichana mwenye daftari.

Alishuka Mwangata na begi lake, na gunia la nusu debe la mchele aliopewa na mama yake. Kabla hajavuka barabara aligeuka kuniambia kwamba swali la kwanza kati ya yale matatu limejibiwa juzi, na jibu silo alilolitarajia.

Mvua za mwaka ule zilikuja kubwa. Desemba nilimpigia shangazi kuuliza habari za mifereji, akaniambia maji yamejaa, kitalu kimekubali, wiki ijayo wanapandikiza, na Ertuğrul amehamisha kabila lake tena. Binti alikuwa amefika nyumbani kwa mapumziko. Nilimsikia nyuma yake akiosha vyombo. Shangazi akatoa simu sikioni kidogo, akamuuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeulizia mtu wa nyumba ya pili:

"Wewe, Dündar hajarudi tu safari?"

Vyombo vikanyamaza.

"Bado, mama."